Kizingiti cha Mlango wa Mama

Mimi nikishika jambo siachii, na mama analijua hilo vizuri. Nilipoamua kuondoa milango ya mbao iliyoliwa na mchwa kwenye nyumba yake ya Kilosa, nilikwenda mwenyewe kwa fundi wa alminiamu hapa Mikumi, ninakouza chakula, nikashika fremu moja moja. Nyembamba ilipinda mkononi, nikairudisha. Nyeupe ilipendeza, lakini kwa vumbi la kwetu nikachukua ya kahawia. Madirisha hayakuwa na maneno. Mlango ndio uliotugombanisha.

Nilitaka fremu yenye kizingiti kilichoinuka, kwa sababu mto Mkondoa ukifurika maji huingia mpaka uvunguni. Fundi alipokuja kupima, mama akauliza hicho chuma cha chini kitainuka kiasi gani. Fundi akaonyesha kwa kiganja. Tangu apate kiharusi, mama anaburuza mguu wa kushoto. Kila asubuhi hujikongoja na fimbo yake hadi barazani, peke yake, na ole wako umshike mkono.

“Hapo sipiti,” akasema.

“Mama, nakukinga na maji.”

“Maji huja mara moja kwa mwaka. Mimi natoka kila siku.”

Nikamwambia mdogo wangu anayekaa naye atamvusha.

“Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,” akanijibu. “Nikitaka kuona jua nisubiri mtu?”

Niliudhika, sifichi. Nimejinyima, halafu nakataliwa mbele ya fundi. Lakini nyumba ni yake. Fundi akaweka fremu ya pande tatu, chini ikabaki sakafu tupu.

Masika ilipofika, jirani alinipigia simu alfajiri kwamba mto umeingia mtaani. Nikakodi bodaboda, roho mkononi, njia nzima nikiulaani ule mlango. Niliukuta wazi. Ndani maji yalifika magotini na kitanda kilikuwa kitupu. Nikatoka nje nikimwita.

Jirani akanielekeza shuleni, kule juu mwinukoni. Mama alikuwa amekaa kwenye dawati, khanga imelowa hadi kiunoni. Nikamwamkia shikamoo, machozi yakinitoka.

“Marahaba. Mbona unalia?”

“Mdogo wangu yuko wapi?”

“Yuko msibani Kidete tangu jana. Nililala peke yangu. Nikasikia maji yanaingia, nikauburuza mguu wangu, nikatoka.”