Chuma Kilikwenda kwa Kaka, Mti Ukabaki Kwangu

Mimi nina hasira, wala sifichi. Mke wangu husema mama alinizaa akiwa ametoka kugombana sokoni. Nalitanguliza hili ili mtu asije akanionea huruma bure kabla hajasikia nilichofanya.

Baba yetu alikuwa seremala Homa Bay, na randa zake alizitengeneza mwenyewe. Zile za dukani, za chuma kitupu, alikuwa akiziita masufuria. Alipanda milima ya Gwassi akatafuta mzeituni wa porini, mti mgumu kama roho ya mdai, akakata gogo na kulitundika juu ya meko, ili lile moshi misimu miwili ya mvua. Mama alilalamika kwamba jiko lake limegeuzwa karakana. Gogo lilipokauka ndipo baba alilichonga, akalitoboa kinywa kwa patasi, akatia chuma na kukibana kwa kabari ya mti uleule. Mwisho alilipaka mafuta ya kamongo, yule samaki wa matopeni. Hadi leo siku ya mvua randa ile hunuka ziwa.

Alikuwa nazo nyingi, lakini ya mkono wake ilikuwa moja. Pale mbele alipoikamata palibonyea kwa kidole gumba chake. Kaka yangu na mimi sote tulijifunza kazi kwa randa hiyo. Kaka alikuwa fundi bora kuliko mimi, niseme ukweli, ila baadaye alikwenda kufanya kazi migodini Macalder, nami nikafungua karakana yangu Migori mjini.

Baba alifariki mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Kwetu Wajaluo, baada ya mazishi kuna siku ya kugawa vitu vya marehemu, na siku hiyo tunaiita keyo nyinyo, yaani kugawana vyuma. Jembe, mkuki, panga, kila kitu hupewa mwenyewe mbele ya watu. Mgawaji alikuwa shangazi, dada yake baba, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aligawa vizuri mpaka akafika kwenye randa ile. Akaigeuza, akaitazama huku na huku. Halafu akachukua nyundo, akagonga kabari ikatoka, akachomoa chuma.

"Chuma ni cha mkubwa," akasema. "Na mti huu achukue mdogo. Nyote mmepata."

Ebo! Mtu anagawa randa kama anayegawa kuku, huyu paja, huyu kidari! Mimi nilimtazama kaka. Nilitaka aseme, "Shangazi, hicho ni kitu kimoja." Yeye naye, nadhani, alikuwa akiningoja mimi niseme.  Kaka alikifunga chuma kwenye kitambaa, nami nikautia mti kwapani, tukaagana kwa mkono kama watu wa baraza.

Tangu siku ile hatukutembeleana. Tulikutana kwenye matanga ya watu wengine, tukasalimiana, basi. Kwa desturi, mdogo ndiye huenda kwa mkubwa. Nililijua hilo vizuri sana. Kila nikitaka kwenda nilisema moyoni, aliyechukua ndiye arudishe. Kumbe kiburi ni chakula, mtu hukila akashiba.

Miaka ikapita. Mti ulikaa rafuni, una shimo katikati. Siku moja nilipata kazi ya mabenchi ya kanisa, nikasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilimpelekea mhunzi mmoja wa Kehancha kipande cha springi ya lori, akanifulia chuma. Kilikuwa kizuri, lakini kinene na kipana kupita kile cha baba. Hakikuingia. Basi nikachukua patasi nikapanua kinywa cha randa, upande huu na upande huu, nikachimba na pale chuma kinapolalia.  Nilijua ninachofanya. Seremala anajua kwamba mti ukishautoa, huurudishi.

Na randa yenyewe haikufanya kazi. Ilirarua mbao badala ya kuilainisha. Nikairudisha rafuni.

Kazi ya migodi ilipokwisha, kaka alirudi nyumbani kwake, upande wa Homa Bay. Kisha siku moja ya soko, asubuhi, nikamwona mlangoni mwa karakana yangu. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na kifurushi cha kitambaa cha kaki. Mkubwa amemfuata mdogo! Nilishikwa na aibu hata nikasahau kumpa kiti.

"Omera," akasema, yaani ndugu yangu, "utanisimamisha hapa mpaka niote mizizi?"

Nikampa kiti. Mke wangu akaleta chai. Kaka akafungua kitambaa, na chuma cha baba kikatokea kinang'aa, kimepakwa mafuta, makali yake yamenolewa unaweza kunyolea ndevu. Akaniambia amekuwa akikinoa kila Jumapili baada ya kanisa, ingawa hakuwa na cha kuranda.

"Nimechoka na upumbavu huu," akasema. "Leta mti wa mzee."

Nilitafuta uongo. Nilitaka kusema umeliwa na mchwa, umeibwa, umeungua. Lakini alikuwa ameshauona rafuni. Alisimama akauchukua mwenyewe, akaweka kidole gumba chake pale pa baba, akacheka. Mimi nikainamisha kichwa. Akatelezesha chuma ndani.

Chuma kilipita moja kwa moja, kikaanguka sakafuni.

Alikiokota. Ncha moja ya makali ilikuwa imemeguka. Akaingiza kidole kinywani mwa randa, akapapasa nilipopanua, taratibu, upande mmoja, kisha wa pili. Fundi hahitaji kuelezwa.

"Kumbe hukuningoja," akasema.

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejua la kufanya. Neno nisamehe lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, nalihisi hata leo. Lakini kilichotoka ni hiki: "Ningekungoja mpaka lini? Wewe ndiye uliyechukua!"

Kaka alikaa akamaliza chai yake yote, maana alikuwa mtu wa adabu. Akamshukuru mke wangu. Chuma alikiacha juu ya meza ya kazi, akaenda zake.

Mke wangu hakunisemesha siku mbili. Ya tatu nilikwenda kwa mama. Lile gogo la mzeituni lilikuwa limebaki kipande, mama alikuwa akikikalia jikoni. Nikamwomba, akanipa bila kuuliza. Nikakata viraka viwili, nikavichonga vikaingia kwenye mashavu ya kinywa nilipoharibu, na cha tatu nikakilaza chini ya chuma. Nikavibandika kwa gundi ya ngozi, nikavibana, nikavingoja vikauke. Safari hii nilingoja. Chuma nikakisugua kwenye kinoo siku baada ya siku mpaka lile pengo la makali likaisha. Wiki tatu nzima. Nilipojaribu, maranda yalitoka marefu, membamba, ukiyaweka kiganjani unaona mistari ya mkono. Nikamwita mke wangu aone. Akasema, "Sasa mpelekee."

Nikapanga kwenda Jumapili, kama mdogo anavyokwenda kwa mkubwa wake. Shati lilipigwa pasi.

Alhamisi akaja mtu na baiskeli kutoka nyumbani. Homa ilimshika kaka siku mbili tu.

Jeneza nililitengeneza mimi. Mbao za mvule, na randa ile. Haikukwama hata mara moja. Watu walipapasa ule mfuniko wakasema, lo, fundi huyu ana mkono. Sijawahi kuchukia sifa kama siku ile. Nililia nikiranda, machozi yakaangukia mbao, nikaranda tena juu yake.

Ikafika siku ya kugawa vitu. Shangazi alikuwa yuleyule, amezeeka ila sauti haijazeeka. Akaona randa karibu na miguu yangu, akauliza chuma si kilikuwa cha marehemu? Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono kuchukua nyundo.

"Usiiguse!" Nilipiga kelele mbele ya wazee, mbele ya mjane, nikamfokea dada wa baba yangu matangani. Aibu iliyoje! Shangazi aliiweka nyundo chini. Akaniambia, polepole, nichukue kitu changu.

Watu walipotawanyika shemeji yangu, mke wa kaka, alinifuata. Nilidhani anakuja kunigombeza. Akanionyesha jogoo mmoja mwekundu uani.

"Huyo ni wako," akasema. "Aliporudi kutoka kwako alinikataza kumuuza. Alisema, yule ndugu yangu ninamjua, akikasirika hukaa wiki tatu, wiki nne, halafu huja. Akija umchinjie huyo."

 Nikakaa pale chini, na randa mapajani.

Alinichinjia jioni ileile, akapika, akaniletea sahani nzima peke yangu. Nikala, kwa kuwa kaka alikuwa ameagiza nile.