"Umeelewa?" "Ndiyo babu": kilichonikuta darasani Kisarawe

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzee wa Mkuza, Kibaha. Elimu yangu fomu foo, ualimu sijasomea. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa.

Mjukuu wangu Mwanaidi alisoma English medium akiwa hapa kwangu, hadi la tatu. Mama yake akahamia Kisarawe, akamwandikisha shule ya Kiswahili.

Likizo akija namfundisha hesabu barazani. Zilizotushinda ni hesabu za saa. Namweleza, namuuliza, "Umeelewa?" Ananijibu, "Ndiyo babu." Nikimpa swali, anakosa. Nachora X nyekundu, tunaanza upya.

Niliishia kumwita mzembe mbele ya wenzake. Nikamshauri mama yake mtoto arudie darasa. Mwanaidi alilia sana, akawa hataki hata kula na mimi.

Nikafunga safari hadi shuleni kuomba hilo lifanyike. Mwalimu wake, binti mdogo tu, akanipa shikamoo. "Babu, kaa pale nyuma kwanza. Tutaongea baada ya kipindi."

Swali la ubaoni: basi limeondoka saa 2 asubuhi, likaenda mwendo wa saa tatu. Limefika saa ngapi?

Mwanaidi akaandika: saa 11.

Darasa likaangua kicheko. "Limefika jioni! Lilipata pancha hilo!"

Nami kimoyomoyo: si mnaona?

Mwalimu hakusema amekosa. "Msicheke. Mwana, hebu tuonyeshe ulivyofika kwenye kumi na moja."

Mtoto akachora saa ya ukutani. Saa mbili asubuhi, mshale upo kwenye 8. Akasogeza: tisa, kumi, kumi na moja.

Wakuu, mshale kwenye 11 ndiyo saa tano yetu, jibu lenyewe!

Kumbe kujumlisha anajua! Alikuwa anasoma namba ya kwenye saa, kama alivyozoeshwa kwa Kiingereza, halafu anasahau kuirudisha kwenye Kiswahili. Majibu yake yote yalikuwa yanapishana na yangu kwa sita, na mimi nachora X tu.

Kipindi kilipoisha nikamuuliza mwalimu alijuaje.

"Babu, anayebahatisha leo atakosa hivi, kesho vile. Huyu anakosa vilevile kila siku. Nikajua ana njia yake, nikataka kuiona."

"Na mbona hukuwauliza kama wameelewa?"

Akacheka. "Wataitikia ndiyo hata nikiwafundisha Kichina."

Habari ya kurudia darasa sikuitaja tena. Nilimwomba mjukuu wangu msamaha palepale getini. Yeye akachuchumaa, akachora saa mchangani, akanieleza njia yake hatua kwa hatua.

"Umeelewa, babu?"

"Ndiyo."

"Haya, nionyeshe."

Nikakwama, wakuu. Akacheka hadi akakaa chini.

Siku hizi kalamu nyekundu inasubiri. Nauliza kwanza: umefikaje hapo?

Ila bado najiuliza. Walimu mliomo humu, kuifuata njia ya kosa la mtoto mnafundishwa chuoni, au mnaipata kwa kukaa nao? Na wazazi wenzangu, kuna X mliyowahi kuichora kumbe kosa ni lenu? Nawasoma.