Sakafu ya Thelathini na Nne

Wanaosema kwamba yule fundi wa vigae hakujua kuhesabu wanasema uongo, na wengi wao wamekanyaga sakafu zake miaka ishirini bila kujikwaa. Kila kigae alikigonga kwa kidole, akasikiliza kama kina hewa chini.

Shule aliyofundisha mkewe ilipojenga ukumbi, ni mkewe, mwalimu wa hesabu, aliyetoa wazo: vigae kumi na sita mlangoni, vyenye namba moja hadi kumi na sita, vipangwe mraba ambao kila mstari, uwe wa mlalo, wa wima au wa mshazari, unatoa thelathini na nne. Hata namba za pembe nne ukizijumlisha, au zile nne za katikati, jibu ni lile lile. Fundi alipoonyeshwa alicheka kwa furaha, akasema namba hizo zina adabu kuliko shemeji zake.

Mkewe akamchorea ramani kwa mkono. Fundi akaifuata kigae kwa kigae.

Siku ya kufungua ukumbi, mwalimu mkuu aliwaita wazazi wajumlishe wenyewe. Mistari ya mlalo ikakubali. Pembe zikakubali. Mstari wa pili wa wima ukatoa thelathini na tano, wa tatu thelathini na tatu. Kumi na moja ilikaa mahali pa kumi, na kumi mahali pa kumi na moja.

"Bwana fundi, namba zimekushinda?" mwalimu mkuu akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Mkewe alijua papo hapo. Alipochora ramani aliandika mstari kwa mstari, na alihakiki hivyo hivyo, mlalo tu. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa mumewe. Akasubiri aitoe. Fundi akainamisha kichwa, akasema, "Nimekosea, mzee. Mnisamehe." Mkewe, pamoja na shahada yake, akatazama viatu vyake na kunyamaza.

Nyumbani alimuuliza kwa nini hakuwaonyesha ile karatasi.

"Mama watoto," akasema akivua soksi, "mimi nitapata sakafu nyingine. Wewe kesho unaingia darasani."

Hakupata nyingine ya maana. Aliziba nyufa za mabafu ya watu mpaka alipofariki, na mkewe akaendelea kuamkiwa kwa heshima kila asubuhi.

Kosa lilikuwa la mwalimu. Limeandikwa hapa ili watoto wa fundi walisome. Anayetaka kujua kwa nini mjane alinyamaza miaka kumi na minne asijisumbue kubisha hodi. Hatajibiwa.