Handaki la Lavada

Mke wangu Lavada alichimba handaki letu kwa beleshi na sururu, majira ya joto mazima, kila jioni akitoka kiwanda cha kuku. Alichimba ubavuni mwa kilima nyuma ya nyumba. Hakuniomba msaada, nami sikumpa.

Mwaka uliotangulia kimbunga kilipiga pwani ya Alabama. Kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka baharini. Tulikaa barazani tukiwahurumia watu wa pwani. Mikono ya kile kimbunga ikatuletea visulisuli, pepo za kuzunguka zinazong'oa nyumba. Kimoja kilimuua dada yake Lavada.

"Unanichimbia kaburi?" nilimtania.

"Lako ningelichimba fupi, Coy. Huna urefu."

Septemba kikaja kimbunga kingine. Kilipanda nchi kavu alfajiri. Saa nane mchana mvua ikakatika, jua likawaka, joto la kuchemsha. Nikaona kimekwisha. Nikachukua nyundo nikapigilie bati la banda la kuku.

"Coy, shuka handakini."

"Jua hilo hapo, bibie. Hulioni?"

"Jua ndilo linalovipa visulisuli nguvu. Redio imesema. Shuka."

"Nikimaliza bati."

Hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na sufuria ya kunde, sinia la kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi mzima. Akapita mbele yangu polepole.

"Chakula kiko chini. Mwenye njaa anajijua."

Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilipiga misumari miwili, nikatupa nyundo, nikamfuata.

Paja la kuku lilikuwa bado mkononi masikio yalipoziba. Lavada alishika kamba ya mlango, akakanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, akavuta usifunguke. Nikashika nyuma yake. Haikupita dakika moja, kisulisuli kikawa kimepita.

Tulipotoka, nyumba yetu ya bati, ile iliyoletwa kwa lori, ilikuwa ng'ambo ya barabara, imekunjwa. Banda halikuwepo.

Lavada alitazama, akafuta mikono kwenye aproni.

"Na bati lako, Coy?"

Moyo wake ulisimama Machi mwaka huu.

Leo redio inasema kimbunga kingine kimepanda nchi kavu. Mvua imekatika, jua limetoka. Kamba ya mlango nimefunga mpya. Nimepika kunde, zimeungua kidogo. Nimebeba sahani mbili, mazoea tu.

Banda jipya lina bati linalopigapiga. Lipige. Mimi nashuka.