Dawa za Sandukuni

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa kijana, nikikaa Adelphi, Marekani, na dada yangu Salome, aliyekuwa akitunza wazee majumbani huko Gaithersburg. Kila aliyetoka nyumbani alitubebea dawa sandukuni. Tuliamini dawa ya kwetu ndiyo inayotujua.

Salome alishikwa na mafua makali, lakini hakutaka kukosa kazi. Akawa anakunywa dawa ya maji ya mafua iliyonunuliwa hapa dukani. Mimi nikamwongezea parasetamol ya sandukuni: vidonge viwili, baadaye viwili tena, siku tatu mfululizo, bila kuhesabu.

"Daktari wa sanduku," alinitania, "utaniua na tiba zako." Tukacheka.

Siku ya nne macho yake yalikuwa ya manjano. Alitapika, kisha akaniita kwa jina la baba yetu, ambaye tulikuwa tumekwisha kumzika. Nikamkimbiza hospitali.

"Amekunywa dawa gani?" daktari aliuliza.

"Hakuna. Maji ya tangawizi tu."

Nilidanganya, mwanangu. Moyo ulishaanza kuniambia ni mimi, nami niliogopa kuonekana muuaji.

Kesho yake asubuhi alikuja Mama Njeri, nesi Mkenya aliyekaa ghorofa ya chini yetu. Alikuwa ameingia kwetu kuchukua nguo za mgonjwa. Alinivuta koridoni, mkononi ana ile chupa na maganda ya vidonge.

"Hizi umempea zote?"

Nikageuka nirudi chumbani kwa mgonjwa.

"Kijana, nakuuliza! Hii ya hapa imeandikwa jina lingine, lakini ndani ni parasetamol hiyo hiyo. Ini lake limebeba mara mbili. Daktari anajua?"

"Hajui, mama."

"Sasa enda umwambie. Saa hii! Aibu yako utaibeba baadaye."

Nilikwenda, nikasema yote. Daktari hakunigombeza, alikimbilia kwa Salome. Wakamtundikia dripu ya kupambana na sumu ile, lakini presha ilikuwa inashuka. Mama Njeri alinieleza maneno ya daktari: ini likifa ghafla, mwili hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Ikiwa ya kiasi, hupanua mishipa damu ipite. Ikizidi, mishipa yote hulegea, damu ikakosa nguvu ya kufika inakotakiwa.

Nilikaa nikitazama namba za presha kwenye kioo cha mashine. Tisini. Themanini. Wakaongeza dawa, ikapanda kidogo, nikamshukuru Mungu. Sabini. Nilimshika mkono Salome mpaka jioni, ulipopoa.

Kama ningesema siku ya kwanza hospitalini, angepona? Nilimuuliza daktari. Alisema hajui. Nami sijui mpaka leo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, aliyezikwa ni dada yangu. Basi, mwanangu, usichanganye dawa ya sandukuni na ya dukani kabla ya kumuuliza anayejua. Chenye faida kikizidi kiasi hudhuru. Na ukiulizwa mgonjwa amekunywa nini, taja kila kitu, hata kile ulichompa kwa mkono wako mwenyewe. Kitaje hicho kwanza.

Mola akujalie mkono wenye kipimo na ulimi usiochelewa.