Kona ya Swichi Mbili

Nimesamehe watu wengi maishani. Mkuu wa karakana wa chuo nilichofanyia kazi Eldoret sijamsamehe, wala sina mpango huo.

Mimi nilikuwa msaidizi tu, mtu wa kunoa patasi na kufagia vumbi la mbao. Ualimu wa karakana nilikuwa nimeuomba mara tatu, nikaambiwa sina cheti. Basi nikajiundia cheti changu: mashine inayochonga mbao yenyewe bila kushikwa, niliyoijenga wikendi kwa miaka miwili. Mota nilizitoa kwenye printa zilizokufa. Kompyuta ilikuwa ile kuukuu ya ofisini iliyongoja kutupwa. Bodi ya kuendeshea mota niliilehemu mwenyewe, nikaungua vidole hadi mke wangu akaniuliza kama nimemwoa yeye au nimeoa waya.

Vitu hivyo viligawana kazi. Kompyuta ilijua mchoro, lakini haikuwa na nguvu hata ya kusukuma nzi. Ilituma tu ishara ndogo ndogo za umeme, na kila ishara ilikuwa hatua moja. Bodi ilizipokea na kuzifungulia mota umeme wa kutosha, nazo mota zikasogeza kisu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na macho. Kompyuta ilihesabu hatua ilizotuma, ikaamini kisu kimefika. Ndiyo maana nilifunga swichi mbili kwenye kona moja. Kabla ya kazi, kisu kilirudi kuzigusa, na mashine ikajua iko wapi. Bila hivyo, popote ilipowashiwa iliona ndiyo kona.

Mkuu alizoea kupita akinicheka. Siku mashine ilipochonga nyota safi, aliacha kucheka. Wiki iliyofuata nikasikia DC, bwana mkubwa wa wilaya, anakuja kuona mashine iliyovumbuliwa na mkuu wetu.

Nilimfuata ofisini. "Mkubwa, hiyo mashine ni yangu."

"Yako? Stima ni ya chuo, computer ni ya chuo, hata wewe ni wa chuo. Siku ya wageni utashika ufagio, umesikia?"

Nilimchukia hadi chakula kikanishinda. Hata hivyo nilimfundisha kuiendesha, kama alivyoniamuru: washa, bonyeza ya kona, kisha bonyeza ya kuanza.

Asubuhi ya wageni alikuja na kitambaa akaipangusa. Kisu kilikuwa kimejibanza konani, akaona hakipendezi kwa picha. Akakisukuma kwa mkono hadi karibu na katikati.

"Hiyo mambo ya kona leo tuache," akaniambia. "Inapoteza time ya wageni."

Neno moja lingetosha. Nilishika ufagio wangu nikasema, "Sawa, mkubwa."

Ubao ulikuwa wa saipras kutoka Timboroa, na mchoro ulikuwa jogoo, nembo ya chama tawala. Mkuu aliwaambia wageni mara mbili kwamba ameijenga kwa mikono yake mwenyewe. Wakapiga makofi, akaiwasha na kubonyeza ya kuanza. Kisu kilianzia miguuni, kikapanda kifuani, kikafika shingoni, na hapo ubao ukaisha. Kichwa chote kilichongwa hewani, kwa uangalifu, pamoja na kishungi chake.

Miaka ile ya chama kimoja, picha ya rais ukutani ikiwa upande tu ungeulizwa maswali. Sasa jogoo wa chama alikuwa amelala pale mbele ya DC bila kichwa.

"Nani ametengeneza hii kitu?" DC akauliza.

Mkuu alinigeukia, kidole usoni pangu. "Ni huyu! Haki ya Mungu, ni yeye aliijenga yote, kila waya!"

Miaka miwili nilikuwa nimesubiri kuyasikia maneno hayo kinywani mwake, mbele ya watu.

"Hapana, Bwana DC," nikasema. "Mimi ni wa kufagia."

Kabla ya mwezi kwisha mkuu alikuwa ameondolewa. Mashine ilipakiwa kwenye Land Rover ya DC siku ile ile ya wageni na sikuiona tena. Ualimu sikuuomba mara ya nne, kwa kuwa cheti changu nilikuwa nimekikana mwenyewe. Nilifagia karakana ile miaka sita zaidi, na kila ufagio ulipofika pale mashine iliposimama, nilitabasamu.