Siku Nyemo Alipofungua Simu Yangu

Nichekeni tu, hata mimi nimeshajicheka. Nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Dodoma, na wiki iliyopita somo lilikuwa usalama na ustaarabu mtandaoni. Nyuma ya darasa alikaa Afisa Elimu Kata, amekuja kuniona nikifundisha, basi nikajitutumua.

“Simu yangu hii hapa,” nilitamba nikiiweka mezani. “Namba yake ya siri haijui mtu. Mimi sidanganyiki!”

Nyemo, binti mpole wa dawati la mbele, akanyoosha kidole. “Mwalimu, kwani una mtoto?”

Nani asiyependa kuulizwa habari za mwanawe? “Ninaye mmoja, Baraka.”

“Alizaliwa lini?”

“Siku ya Krismasi! Nusura nimzalie kanisani.” Darasa likacheka, nami nikacheka nao.

“Mwalimu, naomba nijaribu simu.”

Nikampa kwa madaha. Akabonyeza mbili, tano, moja, mbili. Ikafunguka.

Watoto walipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. Aibu ingeishia hapo ningeshukuru, lakini nilikuwa nimeacha wazi meseji niliyomtumia mwalimu mwenzangu asubuhi ile, na Nyemo ndiye msomaji wangu bora.

“‘Shoga,’” akasoma kwa sauti, “‘leo naletewa yule mzee wa kata. Amenuna kama aliyekula mlenda uliochacha.’”

Afisa akavua miwani, akaifuta taratibu.

“Mwalimu,” akasema, “sasa tufundishe ustaarabu.”